Zebaki inatoka wapi, na ikishafika kwetu inaenda wapi

Kwetu huku neno mwalo lina kazi mbili. Ukiwa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mwalo ni pale mitumbwi inapoingia alfajiri, dagaa wanamwagwa, watu wanagombania bei. Ukivuka Busisi ukaenda mbele ya Geita, Rwamagasa huko, mwalo ni sehemu ya kuoshea mchanga wa dhahabu, kuna karasha, ile mashine ya kusaga mwamba, linapiga kelele kutwa, kuna ubao wa mteremko umetandikwa gunia, kuna karai na maji ya matope, na kuna kichupa kidogo cha zebaki ambacho mtu anakitoa mfukoni kama anatoa ugoro. Mi nimekulia katikati ya hiyo mialo miwili, baba upande wa samaki, mjomba upande wa dhahabu, na swali nililoulizwa kuliko yote maishani ni hili: sa hiyo zebaki ya huko si ndo inakuja kwenye samaki wetu huku? Jibu fupi lipo, ila linadanganya. Kwa hiyo nianzie mbali, mbali kweli, kwenye kimgodi kimoja cha milimani Ulaya kilichofungwa mwaka 1902.

Kwanza tukubaliane kitu kimoja ambacho wengi hawakijui, hata wachimbaji wenyewe. Tanzania hatuchimbi zebaki. Haitoki kwenye duara, yani shimo la dhahabu, haipo kwenye mwamba wa Geita, haiokotwi mtoni. Kila tone lililoko kwenye kile kichupa limetoka nje ya nchi, mara nyingi kwa njia za panya, na huko lilikotoka kuna mtu aliwahi kupika jiwe jekundu.

Jiwe lenyewe linaitwa sinaba. Ni zebaki iliyoshikana na salfa, na zikishikana zinatulia kabisa, unapata jiwe jekundu zito ambalo unaweza ukaliweka dirishani miaka hamsini lisikufanye kitu. Kulitoa zebaki ndani yake ni kama kupika gongo, na hapa sitanii. Unachoma jiwe kwa moto mkali, kama nyuzi joto 600 hivi, zebaki inaachana na salfa inapanda kama mvuke, unaupitisha huo mvuke kwenye bomba lililopoa na upande wa pili yanadondoka matone ya fedha. Aliyewahi kuona pipa, bomba na maji ya kupoozea kule kichakani ameshaona tanuru la zebaki. Tofauti ni kwamba gongo bomba likivuja unanusa, mvuke wa zebaki hauna harufu wala rangi, unavuta tu.

Sasa hicho kimgodi. Kiko Podljubelj, Slovenia, kwenye milima ya Karavanke mpakani na Austria, na wenyeji walikiita kwa jina la Mtakatifu Ana. Kilianza mwaka 1557, kikawa kinafungwa na kufunguliwa, kinafungwa na kufunguliwa, mpaka 1902 kikalala moja kwa moja. Kwa muda wote huo lilichimbwa jiwe kama tani 110,000 na zebaki iliyopatikana ni tani 360 tu, yani kilo tatu na kidogo kwa kila tani ya jiwe. Zebaki ni nzito ajabu, lita moja ina kilo 13.6, ndoo ya lita ishirini ingekuwa kilo 272, hamna mama wa kuibeba kichwani hiyo. Kwa hiyo tani 360 ni kama lita elfu 26 na ushee, ujazo wa boza moja la mafuta kama yale yanayopita barabarani hapa Mwanza kila siku, ingawa kwa uzito boza lenyewe lingepasuka katikati. Miaka mia tatu na arobaini na tano, boza moja.

Ni kimgodi kidogo kweli. Nchi hiyo hiyo kuna Idrija, ambako hadithi inasema mwaka 1490 fundi wa kutengeneza ndoo za mbao aliloweka ndoo yake kwenye kijito akakuta chini kuna kitu kizito kinang'aa, na mgodi wake ukaja kutoa zaidi ya tani 100,000. Hispania kuna Almadén iliyotoa nyingi kuliko migodi yote duniani. Hiyo miwili imeingizwa urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2012, ina makumbusho, watalii wanalipa kuingia. Podljubelj hakina ukubwa huo, na mi nimekichagua kwa sababu hiyo hiyo, kwamba kitu kidogo unaweza kukizunguka ukakielewa.

Zebaki yote hiyo ilikuwa inapelekwa wapi? Nyingine kwenye vioo, dawa, rangi, lakini kubwa zaidi ilivuka bahari kwenda kukamata fedha na dhahabu. Mwaka 1554 kule Pachuca, Mexico, Bartolomé de Medina alianza kutumia zebaki kwa kiwango kikubwa kutoa fedha kwenye mwamba uliosagwa, unachanganya mwamba na zebaki, zebaki inaikamata fedha, unachoma, zebaki inaondoka fedha inabaki. Ndugu yangu, hiyo ni 1554. Ukimtoa mtu wa enzi hizo ukamleta leo mwaloni Rwamagasa atashangaa karasha la dizeli na simu, ila karai atalielewa, na ile tonge inayokamuliwa kwenye kitambaa ataijua palepale.

Hiyo tonge ndo pa kukaa kidogo. Mchimbaji akishaosha mchanga mpaka ukabaki ule mzito mweusi kwenye karai anamimina zebaki anakanda kwa mikono, kama anakanda unga, na zebaki inaokota vumbi la dhahabu ambalo jicho halilioni. Anakamua ziada kwenye kitambaa, anairudisha kichupani. Inayobaki mkononi ni tonge la rangi ya fedha ambalo karibu nusu yake ni zebaki. Halafu anaiweka kwenye kipande cha bati au kijiko juu ya mkaa anaichoma. Na hapo ndo anapika gongo bila bomba. Zebaki inachemka nyuzi 357, karibu yote inapaa, dhahabu inabaki kama kasponji ka njano, na ile iliyopaa hairudi.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2015 peke yake uchimbaji mdogo wa dhahabu duniani ulipeleka hewani tani kama 838 za zebaki, ambayo ni asilimia 38 hivi ya yote inayotokana na shughuli za binadamu, kuzidi hata makaa ya mawe. Piga hesabu na kimgodi chetu. Zebaki yote iliyotoka Podljubelj kwa karne tatu na nusu haifiki hata nusu ya iliyochomwa hewani mwaka mmoja na watu wenye karai na mkaa, Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kila mmoja anachoma kidogo tu, sema wako mamilioni.

Haya, sumu sasa. Watu wanaposema zebaki ni sumu wanaichanganya yote pamoja, na mkorogo wote unaanzia hapo. Zebaki ni kama mtu mmoja mwenye nguo nne. Akiwa jiwe jekundu na salfa yake, amelala. Akiwa majimaji ya fedha kwenye kichupa anasumbua kiasi, na hili linawashangaza watu, ukimeza tone la kutoka kwenye kipimajoto kilichovunjika mwili unachukua kiasi kidogo mno, chini ya moja kwa elfu, lingine linapita chooni (usijaribu tafadhali). Akiwa mvuke, hapo ni habari nyingine, mapafu yanachukua kama asilimia 80 ya unachovuta na inakwenda mpaka kwenye ubongo. Na nguo ya nne ni ya matopeni, hiyo nitaifikia kwenye samaki.

Kwa hiyo mjomba wangu alipokuwa anakanda zebaki kwa mikono mchana kutwa mama alikuwa anapiga kelele kuhusu mikono, na mikono haikuwa na shida sana. Shida ilikuwa jioni. Alikuwa anachomea jikoni, ndani, mlango umefungwa, kwa sababu ukichomea nje majirani wanajua leo umepata. Shangazi anapika ugali jiko la pembeni, watoto wamelala chumba cha pili. Na kinga waliyoiamini wote pale ni maziwa. Unachoma, unakunywa maziwa, sumu inakatika. Maziwa yanakwenda tumboni jamani, mvuke uko kifuani na kwenye damu, watakutania wapi?

Alianza kutetemeka vidole akiwa na miaka arobaini na kitu. Kwanza tulidhani ni pombe. Akawa mkali, kitu kidogo anawaka, na mjomba alikuwa mpole ambaye hata mbwa hafukuzi, akawa na aibu za ajabu hataki kula mbele ya watu kwa sababu kijiko kinagonga meno. Watu wakasema karogwa. Hayo hayo, kutetemeka, hasira, aibu, fizi kuoza, mate kumwagika, yaliandikwa mwaka 1761 na daktari wa Idrija aliyeitwa Giovanni Antonio Scopoli, ambaye alikaa na wachimbaji wa zebaki miaka mingi akawaangalia wanavyoumia. Na hata kabla yake, mwaka 1665, kule Idrija walishapunguza zamu iwe saa sita kwa siku kwa sababu waliona watu wanatetemeka. Miaka karibu mia tatu na sitini sasa! Elimu ilikuwepo, ilikuwa inakaa mbali tu na jiko la shangazi.

Habari njema kidogo, zebaki ya mvuke inatoka mwilini yenyewe taratibu ukiacha kuivuta, kila baada ya kama miezi miwili inapungua nusu. Mjomba aliacha kuchoma ndani, mwaka uliofuata kijiko kikawa hakigongi sana. Hakuisha kabisa.

Turudi mlimani, maana hapa ndo kimgodi kinatufundisha kitu. Wanajiolojia wa Slovenia walipoenda kupima udongo wa Podljubelj, zaidi ya miaka mia moja baada ya mgodi kufungwa, walikuta zebaki bado ipo, na nyingi zaidi ilikuwa kule jiwe lilipochomewa na kwenye malundo ya mabaki. Ukifikiria inaeleweka. Ndani ya mlima ni sinaba, imelala na salfa yake toka enzi na enzi. Kwenye tanuru ndo ilivuliwa nguo, ikatoka kwenye nyufa, ikadondoka kwenye udongo wa pembeni na pale imekaa, majani yameota juu, miti imeota, wala huwezi kujua. Mwenye tanuru amekufa, mjukuu wake amekufa, udongo bado unasoma.

Kwa hiyo mtu akiniuliza sumu ya dhahabu iko wapi kwetu, siangalii shimo. Duara ni hatari kwa kuporomoka na kwa vumbi la mwamba, hilo lingine. Zebaki ifuate kwenye moto: jikoni kwa mchimbaji, nyuma ya kibanda cha broka, na sehemu moja ambayo watu wa mjini hawaiwazii, dukani kwa sonara. Ile dhahabu ya kisponji inayotoka kijijini bado ina zebaki ndani, asilimia kadhaa, na sonara anapoiyeyusha upya ili aipime vizuri hiyo iliyobaki inapaa palepale dukani. Kama hana chombo cha kunasa mvuke inatokea dirishani kwa muuza chips wa jirani. Toka masoko ya madini yaanze mwaka 2019, la Geita likiwa la mwanzo mwanzo, biashara imetoka vichochoroni kwa kiasi kikubwa, ila kuyeyusha ni kuyeyusha tu, popote pale panataka bomba.

Sasa samaki, najua wengine mmeruka mpaka hapa.

Nguo ya nne ni hivi. Zebaki ikifika kwenye tope lisilo na hewa, chini ya maji yaliyotuama, kuna bakteria wanaoigeuza kuwa methili zebaki. Hiyo inashika kwenye nyama ya kiumbe na haitoki kirahisi. Kidudu kinakula tope, samaki mdogo anakula vidudu mia, samaki mkubwa anakula wadogo mia, na kila ngazi inajilimbikiza zaidi. Hiyo ndo iliyoua watu Minamata, Japani, ambako kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga maji yake machafu kwenye ghuba miaka na miaka, paka wakaanza kucheza kama wamepagawa na kujitupa baharini, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi kwa binadamu. Watoto walizaliwa nao, waliupata tumboni mwa mama ambao wenyewe hawakuonekana wanaumwa. Mkataba wa dunia wa zebaki umepewa jina la mji huo.

Kwetu je? Tafiti nyingi zilizopima samaki wa Ziwa Victoria, sangara na sato, zimekuta zebaki iko chini ya kikomo kinachotumika sana cha miligramu 0.5 kwa kilo, mara nyingi chini sana. Sababu moja ni kwamba sangara wetu anakua haraka, anakuwa mkubwa kabla hajapata muda wa kujilimbikizia. Nyingine ni kwamba zebaki ya majimaji ni nzito, haisafiri na mto kama taka za plastiki, inazama karibu na ilipomwagika. Kwa hiyo dagaa wa Kirumba kula, sangara kula, na mama mjamzito achague samaki wadogo kuliko yule sangara wa kubebwa na watu wawili, hiyo ni tahadhari ya kawaida dunia nzima. Ila kambare wa kidimbwi cha pembeni ya mwalo wa dhahabu, pale maji yalipotuama na tope la karai, mi sili na wewe nakushauri usile.

Na kuna kitu hapa kinachekesha kwa uchungu. Watafiti waliopima nywele za watu wa kanda ya ziwa miaka ya tisini walikuta baadhi ya watu wana zebaki ya kutisha ambao wala hawachimbi dhahabu na wala hawali samaki kuliko wengine. Ilikuwa sabuni. Sabuni za kujichubua. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza weusi wake, kwa hiyo iliwekwa kwenye sabuni na krimu, watu wakawa wanajipaka usoni kila asubuhi huku wanaogopa samaki. Vipodozi vya hivyo vimepigwa marufuku siku nyingi, na bado vinauzwa chini ya meza.

Upande wa sheria nipite haraka. Mkataba wa Minamata ulisainiwa 2013, ukaanza kazi Agosti 2017, Tanzania tuliuridhia 2020. Unakataza kufungua mgodi mpya wa zebaki popote, na ya zamani inapewa miaka 15 ifungwe. Ulaya walishapiga marufuku kuuza zebaki nje toka 2011, Marekani 2013. Unadhani ikaisha? Bei ilipopanda, kule Mexico kwenye milima ya Querétaro watu wa vijijini wakarudi kwenye vimashimo vya zamani vya sinaba wakaanza kuchimba na kupika upya, Indonesia nako hivyo hivyo. Yani maskini wa mlimani anapika jiwe jekundu ili maskini wa Geita achome tonge, na katikati kuna watu wa suti hawatetemeki hata kidogo.

Kwa wachimbaji wadogo wenyewe mkataba haujasema acheni kesho, umetaja mambo manne ya kuondoa kwanza: kumwaga zebaki kwenye mwamba wote badala ya ule mchanga mzito peke yake, kuchoma tonge wazi, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kuweka sainaidi, kemikali ya kuyeyusha dhahabu, kwenye marudio, ule mchanga ulioshaoshwa, ambayo bado yana zebaki. La pili na la tatu dawa yake ipo na ni ya bei ya fundi wa kuchomelea, kile kichungu cha chuma chenye mfuniko na bomba la kupinda, wenyewe wanakiita ritoti. Ni gongo lile lile, mvuke unapita bombani unapoa unadondoka kwenye maji, zebaki yako unaitumia tena wiki ijayo. Kwa nini hawakipendi? Nimeuliza sana. Kinachelewesha, na dhahabu imefichwa ndani ya chuma huioni, na kwenye mwalo wenye watu sita wanaogawana mzigo, kitu usichokiona kinaibiwa. Hiyo sababu ya pili ina uzito kuliko semina zote za afya nilizowahi kuhudhuria.

La nne ndo gumu, na ndo linalonisumbua mimi binafsi. Marudio bado yana dhahabu ambayo karai haikuiona, kwa hiyo wenye pulanti za sainaidi wanakuja kuyanunua kwa lori. Sainaidi inayeyusha dhahabu, lakini inayeyusha na zebaki iliyobaki mle pia, na zebaki iliyokuwa nzito imezama imetulia sasa inapata miguu, inasafiri na maji. Ni kinyume kabisa cha Podljubelj ambako angalau imekaa palepale na wanajua ilipo.

Mjomba ana lundo la marudio nyuma ya nyumba, la miaka kumi na zaidi, kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mwenye pulanti amekuja mara mbili na bei ya pili ilikuwa nzuri kweli. Nilipokwenda nikamwelezea yote haya, amekaa kimya ananisikiliza, kikombe cha chai kakishika kwa mikono miwili ili kisimwagike, halafu akaniuliza kama namjua mtu yeyote huku kanda ya ziwa mwenye mashine ya kuyatoa zebaki kwanza kabla ya sainaidi, kwa sababu akiwepo atamuuzia yeye hata kwa bei ya chini. Nikasema ntamtafutia namba. Ni mwezi wa tatu huu bado naulizia.